Ni Nani Atakayewaambia Watoto?

Twaandika kutoka Ipogolo, chini ya mlima wa mji wa Iringa, mahali ambapo Mto Ruaha Mdogo hukutana na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na mpaka wa Zambia. Wengi wenu mmepita hapa mkiwa ndani ya basi. Mlitazama juu mkauona mji, mkaenda zenu, na Ipogolo yenyewe hamkuiona. Basi, hapa ndipo tufundishapo katekisimu, na hapa ndipo malori husimama usiku, na watoto wa shule hupita kati ya malori hayo asubuhi na jioni. Twayataja mambo haya mawili pamoja kwa kusudi.

Mhariri alituandikia akitaka habari za malezi ya vijana katika shule zetu za Kikristo: mafundisho juu ya mwili, juu ya urafiki wa wavulana na wasichana, na juu ya ndoa. Barua yake tuliitia ndani ya kitabu cha sala, nayo ikakaa humo siku tisa. Si kwamba tulikosa la kuandika, bali tulijua ya kuwa hatuwezi kuliandika jambo hili bila kuungama kwanza kosa letu wenyewe. Na tuanze nalo.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukienda kila Jumatano kufundisha kipindi cha dini katika shule moja ya kanisa, yenye bweni la wasichana. Jina la shule hatulitaji. Darasa lilikuwa la watoto wa miaka 13 na 14. Tulikuwa na desturi ya kuweka mezani kikasha cha kadibodi, kilichokuwa cha sabuni hapo kwanza, ili mtoto mwenye swali na mwenye haya aandike katika kipande cha karatasi pasipo jina. Maswali yalikuwa kama yalivyo siku zote. Je, Adamu alikuwa na kitovu? Je, mbwa huenda mbinguni? Je, mtu akila kwa kusahau kabla ya komunyo? Siku ile tulifungua karatasi moja iliyokunjwa mara nne, mwandiko mdogo ulio nadhifu, nayo iliuliza hivi: Mtu mkubwa akikulazimisha, dhambi ni ya nani?

Tuliisoma kimya. Watoto zaidi ya arobaini walikuwa wakitutazama, nasi tulisikia masikio yetu yakiwaka moto. Tukaikunja tena karatasi, tukaitia mfukoni, tukasema, "Swali hili tutalijibu siku nyingine," kisha tukachukua lile la mbwa. Siku nyingine haikuja. Tulijiambia ya kwamba jambo kama hilo ni la wazazi wake, au la matroni wa bweni, au la padre katika kitubio. Kila mtu ulimwenguni alikuwa na wajibu wa kumjibu mtoto yule, isipokuwa sisi tulioulizwa.

Muhula uliofuata kiti kimoja kilikuwa kitupu. Wasichana walikuwa wamepimwa mimba siku ya kufungua shule, kama ilivyokuwa desturi ya shule nyingi za nchi hii. Wavulana hawakupimwa kitu. Aliyeonekana na mimba alipewa barua, akarudishwa kwao siku ile ile na tranka lake. Aliyempa mimba alikuwa mtu wa nyumbani mwao, mtu mzima, tena ndiye aliyekuwa akimlipia karo. Madaftari ya mtoto yalibaki darasani, na tulipoyakusanya tukautambua mwandiko.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiwauliza wazee: Hapo zamani, ni nani aliyekuwa akiwaambia watoto? Maana haiwezekani ya kuwa babu zetu wa Uhehe na Ubena waliwaacha binti zao waingie katika utu uzima kama vipofu. Jibu lao lilianza karibu sikuzote kwa neno lile lile: Si mama. Mama alikuwa na haya na bintiye, na baba ndiyo zaidi. Kumtajia mtoto wako mambo ya chumbani kulikuwa kama kujivua nguo mbele yake. Aliyesema ni bibi, na pamoja naye shangazi. Bibi na mjukuu hutaniana. Babu humwita mjukuu wake wa kike mchumba, naye bibi humwita mke mwenza, wote hucheka, na ndani ya utani huo mlikuwa na mlango. Binti alipovunja ungo bibi alimweka ndani, akamweleza damu ile ni nini, ajitunzeje, nani asimkaribie, na mtoto hupatikanaje. Neno ambalo mama hakuweza kulitamka, kinywani mwa bibi lilikuwa jepesi.

Kisha ikaja Misioni. Twaisema kwa heshima, maana ndiyo iliyotulea, na pale Tosamaganga, ambapo Wamisionari wa Consolata waliipokea kazi mwaka 1919, wamo makaburini watu waliotoa maisha yao kwa ajili yetu. Walakini yatupasa kusema kweli. Wamisionari waliona katika ngoma na mafundisho ya siri ya wanawake mambo yaliyowachukiza, na mengine yalistahili kuchukiwa; lakini walipoufunga mlango ule waliufunga wote. Bibi akaambiwa ya kuwa ayajuayo ni ya kishenzi, naye akanyamaza. Mtoto akapelekwa bwenini, mbali na bibi yake, akafundishwa kusoma, kuhesabu, useremala na kushona, na juu ya mwili wake akafundishwa amri ya sita. Nayo amri ya sita ni neno la Mungu, hatuna la kuipunguzia. Ila mtoto aliyeambiwa asizini, naye hajaambiwa kuzini ni nini, ameambiwa nini?

Sisi wenyewe tulilelewa hivyo. Tulilala bwenini miaka saba, na elimu yetu yote ya mambo haya tuliipata kwa mvulana mmoja mkubwa aliyelala kitanda cha juu. Naye, kama tulivyokuja kujua tulipooa, alikuwa hajui kitu.

Tarehe 31 Desemba 1929 Papa Pius XI alitoa barua juu ya malezi ya Kikristo ya vijana, iitwayo Divini Illius Magistri. Wako wasemao hata leo ya kwamba barua ile ilikataza watoto kuambiwa mambo haya. Sivyo. Aliwakemea waliodhani kwamba elimu ya maumbile peke yake, ikitolewa mbele ya watu wote, yatosha kumlinda kijana. Lakini alikiri kwamba huenda ikapasa mtoto aelezwe peke yake, kwa wakati wake, na mtu ambaye Mungu amempa kazi ya kulea pamoja na neema ya kazi hiyo. Basi shida yake kubwa ilikuwa ni nani awaambie, tena kwa namna gani. Huko Ulaya waliosoma maneno hayo walifahamu mara moja: mzazi. Huku kwetu mzazi ndiye ambaye desturi ilimfunga kinywa, na yule ambaye desturi ilimfungua kinywa tulikuwa tumekwisha kumnyamazisha. Hivyo mzazi alidhani mwalimu amekwisha sema, mwalimu alidhani mzazi amekwisha sema, na mtoto akaenda kumwuliza mvulana wa kitanda cha juu.

Si kwamba zamani hakuna aliyeliona jambo hili. Hapa hapa Nyanda za Juu, katika shule ya Serikali ya Malangali iliyofunguliwa mwaka 1928, mwalimu mkuu Mwingereza aitwaye W. B. Mumford alijaribu kuijenga shule juu ya desturi za makabila ya huku, akawaleta wazee wakae na wanafunzi na kuwafundisha mila. Jaribio lile halikudumu. Kule Masasi kazi ilikwenda mbali zaidi. Vincent Lucas wa Misioni ya UMCA, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1926 hata 1944, pamoja na mapadre na walimu Waafrika, hawakuifuta jando, bali waliitwaa wakaifanya ya Kikristo. Wavulana waliingia porini kama zamani, lakini Kanisa likaingia pamoja nao. Yaliyokuwa machafu yakaondolewa, mafundisho ya imani yakawekwa, na walipotoka walikwenda kanisani kumshukuru Mungu. Kwa wasichana kazi ilikuwa nzito zaidi, wala hatushangai, maana waliokuwa wakiamua walikuwa wanaume, na siri za unyago hazikuwa zao.

Katika mwaka ule ule wa 1929, kwa Wakikuyu wa Kenya, misioni kadhaa zilitumia amri: Mkristo asiyeikana tohara ya wasichana atengwe. Sisi hatuitetei tohara ya wasichana hata kidogo. Ni ukatili, na sheria ya nchi yetu ya mwaka 1998 yamwadhibu amfanyiaye hivyo msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini tazameni lililofuata. Watu wengi sana walitoka makanisani, wakajijengea shule zao wenyewe, na tohara ikaendelea. Zaidi ya miaka 60 ikapita. Mwaka 1996, huko Tharaka katika nchi ile ile, wanawake wa chama cha Maendeleo ya Wanawake walianza njia nyingine waliyoiita Ntanira na Mugambo, maana yake kutahiriwa kwa maneno: binti huwekwa ndani, hufundishwa yampasayo kujua, hufanyiwa sherehe mbele ya jamaa, na kisu hakimgusi. Wanawake wale waliona kwamba ndani ya mila ile mlikuwa na shule, na kwamba kisu chaweza kutolewa shule ikabaki.

Kanisa nalo halikusimama mahali pamoja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi, Gravissimum Educationis, la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitaka watoto wapewe malezi ya busara katika mambo ya jinsia kadiri wanavyokua. Na Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliweka sehemu nzima juu ya jambo hili, tangu fungu la 280 hata la 286, akauliza kama taasisi zetu za malezi zimeuitikia wito huo. Ndugu wakatekista, aliyekwisha kuyafundisha mafungu hayo darasani na ainue mkono. Hata sisi hatuinui.

Kwa watu wa mikoa hii jambo hili si la vitabuni. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007 na 2008, mkoa wa Iringa, ambao Njombe ilikuwa bado ndani yake, ulionekana kuwa na virusi vya UKIMWI kuliko mkoa mwingine wo wote wa Tanzania Bara, karibu watu 16 katika kila 100. Dawa zimekuja, tunamshukuru Mungu, na wengi waliokuwa wafe wanalima mashamba yao. Lakini uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 uliona bado 12.7 kwa mia katika Njombe, 11.1 katika Iringa na 9.6 katika Mbeya, hali nchi nzima ni 4.4. Katika maziko mangapi ya miaka iliyopita tuliimba, tukasali, tukasema marehemu "ameugua muda mrefu", wala hatukutaja kilichomwua! Watoto waliobaki walilelewa na bibi zao. Bibi yule yule tuliyemnyamazisha alirudishiwa watoto wawalee, ila ruhusa ya kusema hakurudishiwa.

Twajua watakalosema wazazi wengine, maana wamekwisha kulisema mlangoni pa kanisa: Ukimfundisha mtoto mambo haya wamwamsha aliyelala. Hofu hiyo si ya kipumbavu. Huko Uganda mafundisho ya jinsia yalipigwa marufuku mashuleni mwaka 2016, na mwongozo mpya wa Serikali ulipotolewa mwaka 2018 viongozi wa dini walisimama kuupinga. Nasi tumesoma vitabu vingine vya namna hiyo vinavyomweleza kijana mwili wake kama fundi aelezavyo injini ya lori, pasipo neno la ahadi, wala la mtoto atakayezaliwa, wala la kuzeeka pamoja. Hatutaki watoto wetu wapewe hicho peke yake.

Lakini tuulizane, huyo aliyelala ni yupi? Mtoto wa Ipogolo ana simu, au jirani yake anayo, na ndani ya simu hiyo ameona mambo ambayo bibi yake hakuyaona kwa miaka 80. Kijana wa bodaboda humpakia bure leo, na kesho humdai nauli ya namna nyingine. Huyu amekwisha kuamka zamani. Aliyelala ni sisi. Tena UNESCO, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, ilieleza ya kwamba uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi haukuona kuwa watoto waliofundishwa waliuanza uasherati mapema kwa sababu ya kufundishwa. Na kwamba mafundisho ya kukataza tu, pasipo kueleza, hayakuonekana kuwachelewesha. Si kila ukurasa wa mwongozo ule tunaoukubali. Hayo mawili twayakubali, kwa sababu tumeyaona kwa macho yetu. Na huko huko Uganda, ugonjwa ulipokuwa ukiwamaliza watu, mtawa Miriam Duggan, daktari wa Hospitali ya Nsambya mjini Kampala, aliwakusanya vijana katika chama cha Youth Alive, akataka wausikie ukweli wote, kisha wachague usafi wa moyo wakijua wanachochagua. Huyo alikuwa mtawa, aliyeweka nadhiri ya useja. Kama yeye aliweza kusema, sisi wenye wake na watoto twaona haya gani?

Basi waambiwe nini? Kila mwalimu na apime kwa umri wa watoto wake. Tutataja yale tu tuliyoyaona yakikosekana. Msichana aambiwe juu ya damu kabla damu haijaja, si baada. Mvulana aambiwe ya kuwa mwili wake nao hugeuka, na kwamba ndoto za usiku si ugonjwa wala uchawi. Watoto wote wafundishwe majina ya viungo vyao kwa Kiswahili cha heshima, kwa kuwa mtoto asiye na neno hawezi kushtaki. Tumemwona mmoja mbele ya polisi akilia, hana jina la mahali alipoguswa. Wafundishwe neno la Mtume Paulo kwa Wakorintho, ya kuwa mwili ni hekalu, nao waelezwe ya kwamba hekalu lina mlango na mlango una mwenyewe.

Waambiwe na sheria pia, ambayo wengi wetu hatuijui. Kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume alalaye na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mkewe amebaka, hata akisema msichana alikubali. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu yaweka kifungo cha miaka 30 kwa yule ampaye mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya wazazi; mwanasheria Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwezi Oktoba 2019. Twashangaa kuwaona Wakristo wakipokea mahari ya mtoto wa darasa la saba, kisha wakija kwetu kuulizia tarehe ya ndoa.

Na juu ya binti aliyekwisha kupata mimba, mnakumbuka ya kuwa mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza mjini Bagamoyo kwamba hatarudi shuleni. Na mnakumbuka pia ya kuwa tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi wa namna hiyo waruhusiwe kurudi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba katika wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini, 22 walikwisha kupata mimba. Hawa si watoto wa wapagani peke yao. Tumesikia wazazi wa Kikristo wakisema ya kuwa kumrudisha shuleni ni kuwafundisha wenzake ukahaba. Sisi twasema shule ya kanisa imfukuzayo msichana, na kumwacha mlipa karo akikaa kiti cha mbele kanisani, imekwisha kuwafundisha watoto wote somo moja, nao wamelielewa sana.

Mwaka juzi mama kijana alikuja mlangoni petu na mtoto wa miaka mitatu amemshika mkono. "Shikamoo, Mwalimu." Tukaitikia. Alikuwa amekuja kumwombea mtoto ubatizo. Alipotaja jina lake kamili ndipo tulipomfahamu. Ametupa ruhusa kuyaandika haya bila jina.

Tuliingia ndani tukakitafuta kitabu cha sala cha zamani, maana tulikuwa tumeihifadhi karatasi ile humo miaka yote. Tukampa. Aliifungua, akaisoma kama mtu asomaye mwandiko wa mwingine. Tukamwambia, "Tulikosa kukujibu. Dhambi si yako. Haikuwa yako hata siku moja." Alinyamaza kidogo, akasema, "Bibi alikwisha kuniambia, Mwalimu. Nilipofika nyumbani na tranka langu, ndilo neno la kwanza aliloniambia." Kisha akauliza wasimamizi wa ubatizo wawe wangapi.

Bibi yake hakai Ipogolo, wala hatutasema akaapo. Lakini siku ile tulifahamu twende kubisha mlango gani. Tulimwendea padre, naye akakubali, tena akatupa chumba. Tukawatafuta bibi watatu wa kigango chetu, Wakristo wa siku nyingi, na wazee wawili, na muuguzi mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Bibi wa kwanza alidhani tunamtega. "Mwalimu," alisema, "mama yangu alifungiwa komunyo miezi sita kwa sababu ya mambo haya, na sasa mwaniita niyafundishe sakristiani?" Hatukuwa na jibu. Tuliketi naye hata akaleta chai.

Si kila walijualo bibi ni jema. Jumamosi ya tatu mmoja wao aliwaambia wasichana wakubwa ya kuwa mke hamnyimi mumewe, maana akimnyima atakwenda kwa mwingine. Muuguzi akamwuliza kwa upole, "Na akirudi na ugonjwa kutoka kwa huyo mwingine, bibi?" Bibi akatazama chini muda mrefu. Akasema, "Wanangu wawili nimewazika hivyo." Jumamosi iliyofuata hakulirudia neno lile. Hakusema amekosea, wazee wetu hawasemi hivyo. Alisema tu, "Leo nitawaambia habari za wanangu," na wasichana wakasikiliza kama hatujapata kuwaona wakisikiliza katika kipindi cha dini.

Kwa wavulana, mzee mmoja ni dereva aliyestaafu, ambaye aliendesha malori mpaka Zambia kwa miaka mingi. Yeye haogopi kutaja vituo alivyolala, wala alichokiacha katika kila kituo, wala watoto wawili aliowatambua wakiwa watu wazima. Wavulana humsikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi, na sababu yake twaijua. Mvulana mmoja alimwuliza kama alitubu. Akamjibu kwamba kutubu alitubu, ila watoto wale hawakurudi kuwa wadogo akawalea.

Kikasha cha sabuni tungali nacho. Karatasi husomwa na bibi na muuguzi kwa pamoja, na swali halilali. Lile lisilofaa kujibiwa mbele ya wote hujibiwa jioni ile ile, na lile lenye kumtaja mtu hupelekwa mahali pake: kwa padre, dawati la jinsia la polisi, au zahanati. Mpaka sasa yamepelekwa matatu.

Wazazi wa Ipogolo na wa vitongoji vya jirani wajue ya kuwa mafunzo ni kila Jumamosi saa nane mchana, wasichana katika chumba kilicho karibu na sakristia, wavulana chini ya mparachichi. Watoto wa miaka 10 hadi 12 huanza saa nane, wakubwa huingia saa tisa na nusu. Hakuna ada. Mzazi atakaye kusikia kwanza yanayofundishwa, aje Jumapili baada ya Misa ya pili, bibi watakuwapo. Tunahitaji pia shangazi wawili wanaojua Kihehe, na benchi tatu, kwa kuwa wavulana wameongezeka na wengine huketi juu ya mizizi.